Kanisa la Udongo katika Mji wa Berlin

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ya udongo ni nyumba ya mtu asiyeweza kupata mawe. Tena hudhani ya kuwa kanisa likibomolewa, heshima yake hairudi mpaka lijengwe jingine kubwa kama lile la kwanza. Habari za kanisa moja la Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, zaonyesha kwamba mawazo hayo mawili si ya kweli sikuzote.

Kanisa hilo lilikuwa kando ya njia iitwayo Bernauer Straße, na jina lake lilikuwa Kanisa la Upatanisho. Liliwekwa wakfu mwaka wa 1894, wakati Berlin ulipokuwa ukikua upesi kwa sababu ya viwanda vyake. Wakristo wake walikuwa wa Kanisa la Kiinjili, yaani wafuasi wa Martin Luther pamoja na ndugu zao Wareformati, ambao mfalme wa Prussia aliwaunganisha mwaka wa 1817. Jengo lilikuwa la matofali, lenye mnara mrefu uliochongoka, na ndani yake waliweza kukaa watu wapata 1000.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka wa 1945, mji wa Berlin uligawanywa sehemu nne: ya Warusi, ya Waamerika, ya Waingereza na ya Wafaransa. Mpaka mmoja ulipita katika njia ile ile ya Bernauer Straße. Basi kanisa likawa upande wa Warusi, na Wakristo wake walio wengi wakawa upande wa Wafaransa. Kwanza watu walivuka njia tu, wakaenda kusali. Lakini tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya Ujerumani ya Mashariki ilianza kuufunga mpaka kwa seng'enge, kisha kwa ukuta, ili watu wake wasikimbilie Magharibi. Ukuta ukapita mbele ya mlango wa kanisa. Mwezi wa Oktoba mwaka huo kanisa likafungwa kabisa. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya upatanisho ikabaki peke yake katikati ya mpaka, na askari wakaufanya mnara wake kuwa mahali pa kuwalindia watu wasitoroke.

Mwezi wa Januari 1985 serikali ile ikalipasua kanisa kwa baruti. Tarehe 22 ukaanguka mwili wa jengo, na tarehe 28 ukaanguka mnara. Msalaba wa juu ulipinda ulipoanguka. Watu waliupata, wakauficha.

Je, kanisa lilikufa siku ile? Hapana. Wale Wakristo wa upande wa Magharibi walikuwa wamekwisha kujijengea nyumba nyingine ya ibada mwaka wa 1965, kando ya njia ile ile, wakiuelekea mlango wao uliofungwa. Walinyang'anywa jengo, lakini sala hawakunyang'anywa. Kwa hiyo ukuta ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba 1989, palikuwapo watu wa kukirudia kiwanja chao. Kama wangalitawanyika kwa kukosa jengo, kiwanja kile kingalirudishwa kwa nani?

Mwaka wa 1995 Wakristo hao walirudishiwa kiwanja. Wakachora mafundi ramani ya kanisa dogo la zege na vioo. Lakini wenye kanisa walilikataa zege, kwa kuwa ukuta uliowatenga miaka 28 ulikuwa wa zege. Wakachagua udongo. Akaitwa Martin Rauch, fundi wa Austria aliye bingwa wa kujenga kwa udongo, na vijana wa nchi nyingi za Ulaya wakaja kusaidia kazi bila mshahara. Udongo ulimwagwa tabaka juu ya tabaka katikati ya mbao, ukashindiliwa mpaka ukawa mgumu, na ndani yake vilichanganywa vipande vya matofali ya kanisa la zamani. Kuta zake zina unene wa sentimita 60, na kimo chake kimepita mita 7. Kanisa hilo dogo liliwekwa wakfu tarehe 9 Novemba 2000.

Uamuzi huo ulikuwa wa hekima. Hata hivyo haifai kuusifu bila kuwasikiliza wanaopinga. Mtu aweza kusema, "Yafaa nini kuweka kibanda mahali pa mnara? Katika mji wa Dresden, huko huko Ujerumani, kanisa kuu la Walutheri liitwalo Frauenkirche liliangushwa na vita mwaka wa 1945. Lakini watu wake walilijenga upya kwa mawe, mengine yakiwa yale yale ya zamani, wakalimaliza mwaka wa 2005. Mbona wa Berlin hawakufanya vivyo hivyo?" Neno hilo lina nguvu, wala watu wa Dresden hawakukosea. Kuba la kanisa lao lilikuwa sura ya mji wote, na mji wote uliona pengo lake. Lakini Wakristo wa Bernauer Straße walikuwa watu wa mtaa mmoja tu, nao hawakuhitaji tena viti 1000. Kama wangalisimamisha tena mnara ule, mgeni apitaye angalidhani ya kuwa hapakutokea jambo lo lote mahali pale. Sasa huyaona matofali yaliyovunjika ukutani, naye huuliza. Na yapo mengi ya kuuliza, maana kando ya ukuta wa Berlin walikufa watu wasiopungua 140. Tangu mwaka wa 2005 habari za maisha yao husomwa katika kanisa hilo, mmoja baada ya mmoja, wakati wa sala ya adhuhuri.

Mtu mwingine aweza kusema kwamba udongo haudumu. Kweli, adui wa udongo ni maji. Lakini watu wa Berlin waliliezeka kanisa lao vema, tena wakalizungushia vipande vya mbao kwa nje, ili mvua isizipige kuta. Basi nyumba ya udongo ikianguka baada ya masika mawili, asilaumiwe udongo peke yake. Atazamwe na fundi aliyepunguza kazi.

Jambo hili lahusu Afrika Mashariki pia. Sharika nyingi zilianza katika nyumba za udongo zilizojengwa kwa mikono ya wenyeji, na nyingi zimekwisha kujenga makanisa ya mawe. Si vibaya kujenga kwa mawe, maana watu wakiongezeka, sharti nafasi iongezwe. Lililo baya ni kuionea haya nyumba ya kwanza, na kuifukia pamoja na habari za waliobeba maji na kukanyaga udongo wake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Wanafunzi wa leo ndio watakaokuwa wazee wa kanisa kesho. Siku itafika watakapoketi barazani kushauriana juu ya kubomoa na kujenga. Siku hiyo, kabla ya kuuliza jengo jipya litakuwa na kimo gani, yawapasa waulize maneno matatu: je, watu wa kulijaza wapo? Je, kipi cha jengo la zamani kitaingizwa katika kuta zake? Na je, ni nani atakayewasimulia watoto habari zake?