Adabu Katika Mabishano

Watu wengi hudhani kwamba mtu atumiaye adabu katika mabishano ni mwoga, au hana hoja. Habari za wataalamu wawili wa Uskoti zaonyesha kuwa sivyo.

David Hume alitoa kitabu chake kikubwa cha falsafa katika miaka ya 1739 na 1740. Alieleza humo kwamba jambo moja kuwa sababu ya jingine hatulijui kwa akili, bali kwa mazoea tu. Thomas Reid, kasisi aliyekuwa mwalimu wa chuo huko Aberdeen, aliona kwamba mafundisho hayo yakisimama, maarifa yote ya mwanadamu yataanguka. Akaazimia kuyapinga.

Lakini kabla kitabu chake hakijapigwa chapa, maandiko yake yalipelekwa kwa Hume mwenyewe, kwa mkono wa Hugh Blair, rafiki wa Hume. Kwanza Hume alinung'unika, akisema heri makasisi wagombane wao kwa wao. Alipokwisha kuyasoma, moyo wake uligeuka. Mwezi wa Februari 1763 alimwandikia Reid barua ya kumsifu, hata akamsahihisha Kiingereza chake. Reid akajibu kwamba katika elimu hiyo yeye ni mwanafunzi wa Hume, na kwamba chama chao cha majadiliano kingekosa la kuzungumza kama Hume angeacha kuandika.

Hata hivyo Reid hakuiacha hoja yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1764, nacho kilimpinga Hume waziwazi. Wala Hume hakuongoka.

Mwaka 1770 James Beattie, naye wa Aberdeen, alimshambulia Hume kwa dharau na ukali. Kitabu chake kilinunuliwa sana, na mwaka 1773 mfalme akamwekea malipo ya £200 kila mwaka. Lakini Hume alimhesabu kuwa mjinga tu. Na leo wanafunzi wa falsafa humsoma Reid kuliko Beattie.

Matusi huwafurahisha wale walio upande wa msemaji, wala hayamgeuzi mtu mwingine. Adabu humlazimisha mtu ayajibu yale mwenziwe aliyoyasema kweli. Basi, katika baraza au mkutano wa chama, mwenye busara huyarudia kwanza maneno ya mpinzani wake, mpaka huyo akiri, "Ndivyo nilivyosema." Hapo ndipo ajibu, tena bila hofu.