Mchagua Jembe si Mkulima

Wako watu katika vijiji vyetu ambao, kila mavuno yawapo haba, huilaumu mbegu. Husema, "Mbegu ya dukani ni udanganyifu." Wengine husema, "Laiti ningalikuwa na mbolea, ghala yangu ingalijaa." Wote nawapinga, kwani wote watafuta dukani kitu kilichomo mikononi mwao wenyewe.

Siidharau mbegu mpya. Mwaka 1964 huko Kitale, katika Kenya, ilitolewa mbegu ya mahindi iitwayo H611, iliyopatikana kwa kuchanganya mbegu ya Kitale na mbegu iliyotoka Ecuador. Ilizaa sana, na wakulima wadogo wengi waliipokea. Asemaye kwamba elimu hiyo ni bure hasemi kweli.

Lakini tazameni jambo jingine lililoonekana Kitale hiyo hiyo katika miaka ya 1960. Mtaalamu A. Y. Allan alijaribu njia mbalimbali za kulima mahindi. Mahali pamoja alitumia mbegu mpya pamoja na mbolea, lakini kwa kupanda kwa kuchelewa na kupalilia vibaya. Mahali pengine alitumia mbegu ya kienyeji bila mbolea, lakini kwa kupanda mapema na kupalilia vema. Je, ni wapi palipozaa zaidi? Ni pale penye mbegu ya kienyeji! Na yote mema yalipounganishwa, mavuno yalishinda yote.

Sababu yake si siri. Udongo uliokauka upatapo mvua ya kwanza, vijidudu vyake huamka na kuozesha masalio, navyo hutoa chakula kingi cha mimea kwa muda mfupi. Jambo hili alilieleza H. F. Birch, aliyefanya kazi Muguga, mwaka 1958. Achelewaye huyaachia magugu chakula hicho, au mvua hukizamisha chini, mizizi isikifikie. Basi anunuaye mbolea baada ya kuitupa ile aliyopewa bure, amepata faida gani?

Nami nalifanya kosa hilo. Nalinunua mbegu nzuri kwa fedha ya mshahara, nikangoja mpaka shule ifungwe, nikapanda mvua ikiwa imekwisha nyesha majuma matatu. Jirani yangu, mama mjane, alipanda mbegu yake ya zamani siku ya pili ya mvua. Mwaka ule watoto wangu walikwenda kwake kuomba unga. Aibu ile ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Imetupasa nini, basi? Shamba litayarishwe wakati wa kiangazi. Mbegu iwe nyumbani kabla ya mvua. Na ikiwa ni chotara, inunuliwe upya kila mwaka, kwani kizazi chake cha pili hupungua nguvu. Magugu yang'olewe yangali machanga. Mahindi yakauke kabisa kabla ya kuingia ghalani. Tena tuandike siku ya kupanda, siku ya kupalilia, gharama na magunia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyeandika huilaumu mbegu mwaka huu, na mwaka ujao huilaumu mvua, wala hatajua kamwe kwamba mkosaji ni yeye.

Ndugu, kabla hujaenda kuchagua mbegu mwaka huu, nenda kwanza shambani. Je, limekwisha limwa?