Ngozi, Mvua na Swali Nililolificha

Msomaji wangu, umewahi kugombana na mpenzi wako mlimani? Mimi yamenikuta.

Mwenzangu anafanya kazi Mbeya, mimi niko Iringa. Miaka 2 tunaishi kwa basi: wikiendi hii aje yeye, ijayo niende mimi. Kusema kweli, nyingi nilikwenda mimi. Harusi ilipokaribia, kila mtu akawa anajua kwamba wa kuacha kazi ni mimi. Mwenyewe sikuulizwa.

Jumamosi moja ya Mei tukaenda Ngozi, ule mlima wenye ziwa la volkano, jirani na barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Kilele chake kinapita meta 2,600. Pale Uyole jua lilikuwa linawaka. "Makoti ya nini, mama?" akanicheka. Langu nikalibeba kimyakimya. Kijana wa kutuongoza alivaa buti za mvua. Akayatazama mawingu upande wa Rungwe, hakusema kitu.

Tulipofika kwenye mianzi, mvua ikashuka. Njia ikawa tope tupu. Mwenzangu yuko mbele mbiombio, mimi nyuma nashikilia mizizi. Nilipoanguka mara ya pili, uzalendo ukanishinda: "Mbona siku zote ni mimi tu ninayekufuata?"

Akageuka. Sote tulijua siongelei mlima. Kijana wa watu akajifanya anakata fimbo.

"Kaka," akasema baadaye, "huku anayechoka ndiye anatangulia. Akibaki nyuma mtampoteza."

Basi nikatangulia mimi, wakafuata mwendo wangu. Juu tukakuta ukungu, ziwa hata halionekani. Tukajibanza wawili chini ya koti langu, tunakula maandazi yaliyolowa. Hapo ndipo aliponiuliza, kwa mara ya kwanza: "We unataka nini?"

Nikamwambia nataka kazi yangu, na nakutaka wewe. Hakuniahidi miujiza. Alisema Jumatatu ataulizia uhamisho, na ukigoma tutakaa na kalamu tupige hesabu za mishahara yote miwili.

Ghafla ukungu ukafunguka. Ziwa lile, kijani, mbali huko chini! Dakika chache tu, likafunikwa tena.

Ukitaka kwenda, chagua Juni hadi Oktoba, anza asubuhi, chukua kijana wa hapo hapo kijijini, na beba koti hata kama jua linawaka. Na kama una swali kwa mwenzako, jamani, muulize mkiwa bado nyumbani. Usisubiri tope.

Tukutane mwezi ujao.