Umoja Usioonekana Hautoshi

Kuna kauli inayofunga kila mjadala kuhusu mgawanyiko wa Wakristo kabla haujaanza: rohoni sisi sote ni wamoja, madhehebu ni majina tu. Huwezi kuisema bila watu kutikisa vichwa kwa kukubali, iwe kwenye mimbari, kwenye kikao cha harusi ya wachumba wa makanisa mawili, au msibani wakati ndugu wanabishana marehemu azikwe na mchungaji yupi. Wanaoisema wana nia njema. Mimi naiona kuwa mafundisho mabovu, na madhara yake yanazidi ya ugomvi wa wazi. Wanaogombana wanajua kwamba wamegombana, hivyo huitwa wazee na suluhu hutafutwa. Aliyekwisha kuambiwa kwamba umoja tayari anao hana anachokitafuta. Hivyo Jumapili asubuhi, Moshi au Mbeya, watu waliobatizwa kwa jina la Utatu uleule hupishana barabarani, wengi wana Biblia ya tafsiri moja mkononi, na huko waendako wengine hawawezi kukaribishana kwenye Meza ya Bwana. Jambo linalomzuia mtu kula mezani na ndugu yake si jina tu.

Kauli hiyo haina msingi hata katika Maandiko inayodai kuyasimamia. Katika sura ya 17 ya Injili ya Yohana, usiku wa kuamkia kifo chake, Yesu anauombea umoja wa wafuasi wake na kuufunga moja kwa moja na jambo la pili: ulimwengu kumwamini yeye aliyetumwa. Ulimwengu hauoni rohoni mwa watu. Unaona milango wanayoingilia, meza wanazokalia na namna wanavyozikana. Umoja usioweza kuonwa na jirani asiye Mkristo hauwezi kuwa ule ulioombewa, kwa kuwa hauwezi kufanya kazi uliyoombewa. Wakorintho nao, Paulo alipowaandikia, walikuwa bado kanisa moja la mji mmoja. Hawakuwa na mabango wala majengo mawili. Walikuwa tu wameanza kujigawa kwa majina ya Paulo, ya Apolo na ya Kefa. Kwa kosa hilo aliwakemea tangu sura ya kwanza. Hakuwafariji kwamba chini ya makundi yao kuna umoja wa siri.

Mtetezi wa madhehebu atajibu kwamba tumetengana kwa ajili ya dhamiri, kwamba kila mmoja yuko aliko kwa sababu ya alichokiamini. Laiti ingekuwa hivyo. Tazama Kilimanjaro. Wamisionari wa kwanza kujenga kituo Moshi, mwaka 1885, walikuwa Waanglikana wa Kiingereza. Mwaka 1892 Mangi Meli wa Moshi aliwashinda Wajerumani vitani, kiongozi wao von Bülow akauawa, na utawala wa Kijerumani ukawashuku wale Waingereza kwamba walikuwa upande wa Meli. Wakaondoka. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig walifika Machame. Wakati huohuo mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wakijenga Kilema na Kibosho. Ndiyo maana hadi leo Machame husikika kuwa ya Kilutheri na Kibosho ya Kikatoliki. Hakuna babu wa Kimachame aliyeketi akalinganisha Ungamo la Augsburg na kitabu cha sala cha Kianglikana kisha akachagua. Kusini mwa nchi, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, Wamoraviani na Walutheri wa Berlin waliingia mwaka mmoja, 1891, wakagawana nchi kwa makubaliano: hawa upande wa magharibi, hawa wa mashariki. Rungwe ikawa ya Kimoraviani, Njombe ikawa ya Kilutheri. Kenya nayo iligawanywa vivyo hivyo: Wamethodisti Meru, Wapresbiteri Kikuyu na Tumutumu, Marafiki Kaimosi. Sidharau imani iliyoota humo, watu wameifia. Nakataa tu kuambiwa kwamba mpaka uliochorwa na wageni kwa mapatano ya safari, au kwa hofu ya afisa wa kikoloni, ni uamuzi wa dhamiri yangu.

Wageni hao wenyewe waliuona uzito wa jambo hili mapema kuliko sisi. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri, Kimethodisti na wa Africa Inland Mission walikutana Kikuyu kupanga shirikisho la makanisa yao. Hoja yao ilikuwa kwamba si haki kumpachika Mwafrika magomvi ya Ulaya. Mkutano ulipofungwa, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Komunyo ndani ya kanisa la Wapresbiteri wa Kiskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipopata habari aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda, aliyekuwa mkutanoni, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefundisha uzushi. Kesi ile ilivuma Uingereza nzima, na shirikisho lililokusudiwa halikuzaliwa. Kilichobaki ni ushirika mwepesi wa misheni, ambao mwaka 1926 ulifungua Alliance High School palepale Kikuyu. Jina la shule linatokana na ushirika huo. Namheshimu Weston, ingawa naamini alikosea. Alijua kwamba kula meza moja ni kukiri jambo zito, akapigana juu yake hadharani. Wangapi kati yetu leo wangejali kiasi cha kupigana, upande wowote?

Na isisemwe kwamba umoja unaoonekana ni ndoto ya wasiojua maisha. Biblia hiyo iliyo mikononi mwa wengi ni ushahidi. Waprotestanti wa Kiswahili walikuwa na Biblia zao kwa makundi: ya Unguja iliyokamilika mwaka 1891, ya Mombasa mwaka 1914, ya Mjerumani Roehl mwaka 1937. Ziligombania lahaja, maneno ya Kiarabu, hata tahajia, na kila moja ilikuwa na wapenzi wake. Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya muungano, na leo anaisoma Mwanglikana, Mlutheri, Msabato na Mlokole, wala hakuna anayelia kwamba amepoteza urithi wake. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri ya Tanganyika, yaliyoanzishwa na misheni za Kijerumani, Kimarekani na za nchi za Kaskazini, kila moja na desturi zake, yakawa Kanisa moja, KKKT. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, yenye makanisa ya Kiprotestanti, waliunda tume moja ya huduma za jamii, CSSC, kwa ajili ya hospitali na shule zao, na mwaka huohuo wakatia saini mkataba na serikali. Tunaweza basi, pale tunapotaka dawa, vyumba vya madarasa na sauti moja mbele ya waziri. Hatujaweza pale tu tunapotakiwa kupiga magoti pamoja.

Pingamizi linalostahili jibu la kweli ni hili: umoja bila kweli ni udanganyifu, na tofauti zetu kuhusu Ekaristi, ubatizo wa watoto na mamlaka ya Papa si mchezo. Nakubali. Sidai tuziweke kando. Nadai tuzishughulikie, na kauli ya kwamba rohoni tu wamoja ndiyo inayozuia zisishughulikiwe, maana inaziita majina tu. Zinaposhughulikiwa, matunda huonekana. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, fundisho lilelile lililopasua Ulaya katika karne ya 16. Walisema kwamba wanakubaliana katika kweli zake za msingi, na kwamba laana walizotupiana zamani haziwahusu wanaofundisha hivyo leo. Mwaka 2006 Wamethodisti wakaungana nao. Ni sharika ngapi kwetu zilizowahi kusomewa tamko hilo? Ni darasa gani la kipaimara linalolifundisha? Vijana bado wanafundishwa walichokikataa wenzao, na wanafundishwa kama jambo la jana.

Wengine husema mgawanyiko una baraka zake: makanisa mengi, ushindani, uamsho. Kweli makanisa yanaongezeka. Lakini sehemu kubwa ya ongezeko katika mtaa mmoja ni washarika kuhama, na kuhama kwa aliyekuwa amekwisha kuamini hakumwongezei Kristo mtu, kunamwongezea mchungaji. Zaidi, kanisa ambalo mtu huweza kuliacha kila anapokemewa, kwa sababu la jirani liko mita mia mbili, limepoteza uwezo wa kumkemea mtu yeyote, kuanzia mwenye fedha. Hoja nzito zaidi ni ya makanisa ya Waafrika yaliyojitenga na misheni, kama yale ya Wakikuyu baada ya mgogoro wa tohara ya wanawake wa mwaka 1929. Hao hawakujitenga kwa upuuzi. Walidharauliwa katika nyumba waliyoambiwa ni yao. Siwalaumu. Lakini jeraha la aliyefukuzwa linamshitaki aliyemfukuza, na kosa la namna hiyo hulipwa kwa kutubu na kurudishana. Kulibatiza jeraha hilo jina la utajiri wa aina mbalimbali ni kumsamehe mkosaji bila yeye kuomba.

Mwaka 1952, mjini Lund huko Sweden, wajumbe wa makanisa mengi waliuliza kama haifai makanisa yatende kwa pamoja katika mambo yote, isipokuwa yale tu ambayo tofauti nzito za imani zinawalazimisha kutenda mbalimbali. Swali hilo linageuza mzigo: anayetaka kutengana ndiye atoe sababu. Ningependa lipelekwe kwenye mabaraza ya wazee, mtaa kwa mtaa. Kwaya zetu zinatengana kwa sababu gani ya imani? Ibada ya Ijumaa Kuu je? Mafundisho ya wachumba? Mazishi? Kwa kila jambo iandikwe sababu, isomwe kanisani, na isomwe pia katika kanisa la jirani mbele ya watu wake. Pale ambapo sababu ni ya imani kweli, tubaki mbalimbali kwa huzuni na tuendelee kuzungumza. Pale ambapo sababu ni kwamba wamisionari walikubaliana hivyo mwaka 1891, au kwamba sadaka itapungua, waamini wana haki ya kuijua Jumapili hiyohiyo.