Tahajia na Asili ya Neno: Funzo la Herufi Moja

Aghalabu wanafunzi wa isimu huamini kwamba anayeijua asili ya neno ndiye anayejua namna sahihi ya kuliandika. Imani hii huvutia, lakini haistahimili ushahidi. Tuchukue kivumishi kimoja cha Kiingereza kisichosikika sana katika mazungumzo ya kila siku: *posthumous*. Hutumiwa kuelezea kitabu kilichochapishwa baada ya mwandishi kufariki, nishani aliyotunukiwa marehemu, au mtoto aliyezaliwa baada ya babake kuaga dunia.

Katika Kilatini neno hili lilikuwa *postumus*, bila *h*, na maana yake ilikuwa "-a mwisho kabisa". Lina uhusiano na *posterus*, yaani "ajaye baadaye". Kwa kuwa mtoto anayezaliwa baada ya kifo cha baba ndiye wa mwisho wake, jina hilo likamganda. Agrippa Postumus, mjukuu wa Kaisari Augusto, alizaliwa mwaka wa 12 K.K. baada ya babake kufariki mwaka uo huo.

Baadaye wasomi walilihusisha neno hilo na *humus*, yaani ardhi, wakadhani kwamba linazungumzia kuzikwa. Wakalitia *h*. Kosa hilo likaingia katika tahajia ya Kifaransa na ya Kiingereza, ilhali Kiitaliano na Kihispania huliandika bila *h*. Isitoshe, Mwingereza haitamki herufi hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiingereza akiiacha leo atakosolewa, ingawa historia iko upande wake.

Je, hili latuhusu nini sisi wa Kiswahili? Latuhusu sana, kwani nasi tuna mzozo wetu wa *h*: *ahsante* au *asante*? Wapo wanaoshikilia kwamba *h* lazima iandikwe kwa sababu neno limetokana na Kiarabu *ahsanta*, yaani "umetenda vyema". Tukiikubali hoja hiyo, itatubidi pia tusimwambie mwanamke *asante*, kwa kuwa umbo hilo la Kiarabu huelekezwa kwa mwanamume mmoja. Itatubidi tuikatae *asanteni*, kwa kuwa kiambishi *-ni* si cha Kiarabu. Hata *vitabu* tutaviacha, maana *ki-* ya *kitabu* ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu. Hakuna Mswahili atakayekubali hayo.

Maoni yangu ni kwamba etimolojia hutueleza neno lilikotoka, ilhali tahajia huamuliwa na makubaliano ya jamiilugha. Maadamu maumbo yote mawili yamekita mizizi miongoni mwa watumiaji, mhadhiri asimkate mwanafunzi alama kwa kuandika *asante* au *ahsante*, mradi asiyachanganye katika kazi moja.

Nasi wanafunzi tujihadhari na kosa la wale wasomi wa Kilatini. Bado wapo wanaodai kwamba *Kiswahili* kimetokana na "siwa hili" kwa sababu tu sauti zinafanana, ilhali chanzo chake ni *sawahil*, neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Kufanana kwa sauti kutufanye tuanze kuchunguza. Tusikuchukulie kuwa uthibitisho.