Nani Kairasimisha Suti?

Mpwa wangu aliitwa usaili Dodoma. Barua ilitaka "vazi rasmi". Akavaa kanzu iliyopigwa pasi, koti, baraghashia na makubazi. Langoni akaambiwa akavae suti kwanza. Akakimbilia mitumba ya Sabasaba, akatoka na suti iliyokatwa kwa mabega ya mtu mwingine, na nauli ya kurudi Unguja ikaishia humo.

Sibezi mitumba. Ndiyo inayomsitiri mwalimu na karani nchi nzima, na fundi cherehani hodari huigeuza ikamkaa mtu kana kwamba alipimiwa. Ninachokikataa ni mlango kufungwa kwa jina la urasmi. Katika mji huohuo, Kanuni za Kudumu za Bunge, toleo la 2016, zililitaja vazi rasmi la Mwambao: kanzu, koti, baraghashia, makubazi au viatu. Basi mtunga sheria aingie nalo ukumbini, na mwomba ukarani arudishwe langoni?

Mimi ni mfasiri, nimeyazoea maneno yanayohama. "Rasmi" limetujia kutoka Kiarabu, "suti" na "tai" kutoka Kiingereza. Lipi basi lina haki ya kumfukuza mwenziwe? Nyerere mwenyewe aliongoza dola kwa suti isiyo na tai, wala hakuna aliyethubutu kumwambia hajavaa.

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma 2016, vijana wetu hawana budi kuupanda uwanda ule kutafuta riziki. Barua za usaili na ziandike wazi, kwa maneno yaleyale ya Bunge. Mpwa wangu koti lile amelitundika nyuma ya mlango, anangoja kuitwa tena.