Marge 'alikufa' Mei, Septemba akarudi: Utamwambiaje mtoto?

Mtoto ameshika simu ya mama yake, anaangalia kipande kifupi cha katuni. Anaona jiwe la kaburi lenye jina la Marge, yule mama wa nywele za bluu zilizosimama kama mnara. Anauliza, "Mama, Marge amekufa?" Mama yuko jikoni. Anajibu bila kugeuka, "Hiyo ni katuni tu."

Swali la aina hiyo lilizunguka mitandaoni katikati ya mwaka 2025. Mei mwaka huo, sehemu ya mwisho ya msimu wa 36 wa The Simpsons ilirusha hadithi ya miaka mingi ijayo. Ndani yake Bart na Lisa ni watu wazima, hawaelewani kama zamani, na mama yao ameshafariki. Amewaachia ujumbe wa video akiwasihi wasitupane. Vipande vikasambaa, na watazamaji wakaamini mhusika huyo ameondolewa moja kwa moja. Haikuwa hivyo. Ilikuwa hadithi ya kubuni wakati ujao, na Septemba msimu mpya ulipoanza, Marge alikuwa nyumbani kwake kama kawaida.

Kwa mtu mzima, jambo hilo linaishia hapo. Kwa mtoto mdogo haliishii hapo, na mzazi anapaswa kujua kwa nini.

Familia isiyozeeka

Familia ya Simpson, iliyobuniwa na mchoraji Matt Groening, ilianza kuonekana kwenye televisheni Marekani mwaka 1987 katika vipande vifupi, kisha ikapata kipindi chake kamili kituo cha Fox Desemba 1989. Bart alikuwa na miaka 10, Lisa minane na Maggie alikuwa ananyonya chuchu bandia. Wote wapo vilevile hadi leo.

Kwa upande wa mikataba, kipindi hakina dalili ya kufa. Aprili 2025 Fox ilikiongezea misimu minne, hivyo kitafika msimu wa 40 mwaka 2028 hadi 2029. Filamu yake ya pili ya sinema imetangazwa kwa mwaka 2027, miaka 20 baada ya ile ya kwanza.

Tatizo liko kwenye koo. Nancy Cartwright, mwanamke anayetoa sauti ya Bart, alizaliwa mwaka 1957. Julie Kavner, sauti ya Marge, alizaliwa mwaka 1950. Harry Shearer, anayewasemea wahusika wengi akiwamo bosi Burns na jirani Flanders, ni wa mwaka 1943. Kalamu ya mchoraji inaweza kumzuia Bart asikue, lakini haiwezi kuzuia umri wa anayemsemea.

Sauti hutoka kwenye zoloto, ambako nyuzi mbili za sauti hutetemeka hewa inapopita kutoka mapafuni. Umri unapokwenda, misuli ya nyuzi hizo hupungua, utando wake hukauka na kupoteza mnyumbuko, na mapafu nayo hayasukumi hewa kwa nguvu ileile. Ndiyo maana sauti ya bibi huwa nzito au yenye mikwaruzo, na ya babu huwa nyembamba. Huo si ugonjwa. Hata hivyo, sauti ikikauka au kukwaruza zaidi ya wiki tatu bila kupona, mhusika aende hospitali akapimwe, hasa kama anavuta sigara.

Wakiondoka, nini hufuata?

Kipindi hiki kimeshafiwa, na kimetumia njia mbili. Mwaka 1998, mchekeshaji Phil Hartman alipouawa, wahusika wake wawili maarufu, mwigizaji Troy McClure na wakili Lionel Hutz, walistaafishwa. Russi Taylor alipofariki mwaka 2019, mhusika wake, mwanafunzi Martin, aliendelea kwa sauti ya mtu mwingine. Hata bila msiba mabadiliko hutokea: Pamela Hayden, aliyemsemea Milhouse, rafiki wa Bart, kwa miaka 35, alistaafu Novemba 2024, na Milhouse akapewa sauti nyingine.

Msiba uliogusa zaidi ulikuwa wa Oktoba 2013, alipofariki Marcia Wallace, sauti ya Edna Krabappel, mwalimu wa darasa la Bart. Watazamaji wa kipindi hiki wamezoea kumwona Bart mwanzoni akiandika sentensi moja ubaoni mara nyingi kama adhabu. Baada ya kifo hicho, Bart aliandika mara moja tu, kwa uso wa huzuni, kwamba watamkumbuka sana mwalimu wao. Mwalimu huyo hakupewa sauti mpya. Baadaye hadithi yenyewe ikaonyesha kwamba amefariki, na mumewe Flanders anamlilia.

Mtoto anaelewa nini?

Watoto walio chini ya miaka mitano hivi huona kifo kama safari yenye kurudi. Wengi huanza kuelewa kwamba aliyekufa harudi wakiwa kati ya miaka mitano na saba. Katuni ambayo mama anazikwa Mei na kuonekana tena Septemba inathibitisha kile ambacho mtoto mdogo tayari anakiamini.

Kwa hiyo, kwanza, usidanganywe na neno katuni. The Simpsons ni vichekesho vya watu wazima wa familia. Homer hulewa, na kwa miaka mingi amekuwa akimkaba Bart shingo. Huko Marekani kwenyewe hubeba alama inayomtaka mzazi awe mwongozo, na baadhi ya sehemu huwekwa alama ya miaka 14. Mtoto wa chekechea hafai kuachiwa peke yake na simu. Aliyekua kidogo, kaa naye, tazameni pamoja.

Pili, akiuliza kuhusu kifo, tumia neno lenyewe. Wazazi wengi husema babu "amelala", "amesafiri" au "ametangulia". Mtoto huyachukua maneno hayo kama yalivyo. Anaweza kuogopa kulala, au kulia kila baba anapobeba begi la safari. Mwambie amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu wala njaa, na hatarudi. Kisha mfundishe imani ya nyumba yenu juu ya hilo.

Tatu, jiandae kuulizwa tena kesho na keshokutwa. Kurudia swali hakumaanishi kwamba hakusikia. Ndivyo anavyojifunza. Na akiuliza kama na wewe utakufa, usiape kwamba hutakufa kamwe. Mwambie unatarajia kuishi naye miaka mingi, na kwamba daima atakuwa na watu wa kumlea. Wataje kwa majina.

Mama yule wa jikoni anaweza kupunguza moto, akae, aitazame simu pamoja na mwanawe. "Marge anachorwa, kwa hiyo wakitaka wanamchora tena," atamwambia. "Mtu akifa hachorwi tena. Tunabaki tukimkumbuka."